Anayekunywa Ndivani

Asubuhi ya kwanza Asheri alidhani amesoma vibaya. Aliufuta mti wa vipimo kwa kiganja, akachuchumaa juu ya ukuta mpya wa saruji, akasoma tena. Jana jioni, alipofunga ndiva, maji yalikuwa kwenye alama nyekundu ya katikati. Usiku kucha mfereji ulikuwa ukimimina, alilala akiusikia. Maji yalipaswa kufika ukingoni. Badala yake yalikuwa yameshuka hadi karibu na tope, na ukuta ulikuwa umelowa mpaka juu, unang'aa, kana kwamba maji yameondoka wakati uleule alipokuwa akipanda kilima.

Ndiva ile ilikuwa ya zamani kuliko kanisa. Ilikuwa bwawa dogo juu ya mashamba, katika kitongoji kimoja cha milimani juu ya Vudee. Usiku ilijazwa na mfereji, asubuhi ikafunguliwa, na kila mwenye zamu akanywesha mahindi na maharage yake. Tangu enzi za mababu ilikuwa ya udongo na mawe. Mwaka ule wa vijiji vya ujamaa ililetwa saruji. Lori likaishia bondeni, na wanawake wakaipandisha kichwani.

Eliwaza, mkewe Asheri, alikuwa na mimba kubwa siku zile. Jirani yake Wema alipandisha fungu lake, akalitua, akapumua kidogo, kisha akashuka tena kuchukua la Eliwaza. Alifanya hivyo siku zote za kazi bila kuombwa, huku akitania.

"Huyo akizaliwa atanichotea maji mpaka nizeeke," alisema. "Usidhani nabeba bure."

Mtoto alizaliwa, msichana, akaitwa Lukia. Mvua zikanyesha. Ndiva mpya ikafurika, na Asheri, aliyekabidhiwa kuifunga na kuifungua kama baba yake marehemu alivyofanya, akapewa na Bwana Maji wa wilaya daftari lenye mistari. Kila jioni na kila asubuhi aandike kina cha maji, na pembeni, chini ya neno Hitilafu, aandike kama kuna kasoro. Mvua zilipokatika ndipo ile asubuhi ya kwanza ikaja, na ya pili, na zilizofuata. Kila mara Asheri aliandika maneno yaleyale: Maji yamepungua. Sababu haijulikani.

Watu walianza kunong'ona. Wengine walisema anawafungulia rafiki zake usiku. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia kwa upole, lakini alimwambia, kwamba mambo yakiendelea hivi ufunguo utakwenda kwa mwingine. Asheri hakula siku ile. Eliwaza alimwekea makande yake kwenye sufuria, akayafunika, akayapasha moto jioni, akayapasha tena.

Bwana Maji alipanda kutoka Same. Aliitwa Melkizedeki, mwenyeji wa Bukoba, mrefu, mwenye viatu vilivyokwisha kwa kupanda milima ya watu. Alimwamkia mama yake Asheri, Bi Dorkas, akakataa kiti, akakaa kwenye kinu kilicholazwa ili mzee akae vizuri. Kisha akatoa mfukoni sukari iliyofungwa kwenye karatasi na kusema ni ya mama anayenyonyesha. Eliwaza hakuisahau sukari ile.

"Kila kasoro ina chanzo, ndugu Asheri," alisema. "Tutaondoa moja moja mpaka ibaki yenyewe."

Na kweli aliondoa moja moja. Alimwaga ndiva yote, akaugonga ukuta kwa jiwe huku sikio likiwa kwenye saruji, akisikiliza kama kuna uwazi ndani. Ukuta ulikuwa mzima. Alinyunyiza majivu juu ya maji atazame yanavutwa upande gani. Majivu yalielea yalipo, hayakusogea. Alifunga ubao wa mlango wa kutolea maji kwa katani na udongo wa mfinyanzi. Asubuhi udongo ulikuwa haujapasuka hata ufa mmoja, na maji yalikuwa yameshuka hadi palepale.

Bwana Maji alisimama ukutani muda mrefu. Vyura, aliona, hawakulia kwenye ndiva ile. Walilia mferejini, walilia kwenye magimbi, lakini si pale.

"Basi tuilinde," alisema.

Wanaume walikesha wameizunguka ndiva na taa ya karabai, mabega yakigusana kwa baridi. Wema aliwapelekea chai, ingawa naye sasa alikuwa na mimba na kilima kilimpa shida. Hakuna aliyesinzia, hakuna aliyeona kitu. Kulipopambazuka maji yalikuwa ukingoni, tele, yakitetemeka kwa upepo. Watu walipeana mikono. Asheri aliandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna hitilafu, akateremka mbio kumwambia mkewe.

Alimkuta Eliwaza na Bi Dorkas wamesimama mbele ya mtungi wa maji. Mfuniko ulikuwa mahali pake, na kata juu ya mfuniko. Ndani mtungi ulikuwa mkavu. Haukuwa mkavu wa chombo kilichomwagwa, ambacho hubaki na unyevu chini. Ulikuwa umekaushwa, udongo wake umekuwa mweupe na laini kama sahani iliyolambwa. Birika lilikuwa hivyohivyo, na hata kikombe cha dawa cha mtoto. Nyumba za jirani mitungi ilikuwa imejaa. Ni kwao tu.

"Mmesikia harufu?" Eliwaza aliuliza kwa sauti ndogo.

Chumba kilinukia vumbi lililoangukiwa na mvua ya kwanza. Ni harufu nzuri, ambayo watoto huikimbilia nje wakicheka, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi.

Tangu asubuhi hiyo hapakuwa na utulivu katika nyumba ile. Walinzi waliendelea kulinda ndiva, na vipimo vikawa vizuri, na kijiji kikaridhika, na Bwana Maji akarudi Same akiwa na shaka lakini bila la kuandika. Bi Dorkas aliukokota mtungi mpaka kando ya kitanda chake, akaweka Biblia juu ya mfuniko, akalala ameuegemea kwa mgongo. Mtungi ukabaki na maji. Lakini usiku walikuwa wakisikia kitu kikizunguka nyumba, hatua zisizo na uzito, kama mtu anayetembea juu ya majani mabichi, na kila kilipofika kwenye ukuta wa chumba cha Eliwaza kilisimama.

Kisha kikaja mchana.

Ilikuwa saa ya jua kali, mlango uko wazi, kuku wakijikung'uta vumbi kizingitini. Bi Dorkas alikuwa shambani na Asheri mferejini. Eliwaza alikuwa amejilaza kitandani akimnyonyesha Lukia titi la kulia, naye usingizi ukamchukua pamoja na mtoto. Aliamshwa na sauti ya kumeza. Alitabasamu kabla hajafumbua macho, maana ilikuwa sauti aipendayo kuliko zote, ile ya mtoto anapopata. Halafu akafumbua macho, akaona kwamba Lukia ameachia titi na amelala kinywa wazi, tone la maziwa shavuni, na sauti ya kumeza bado inaendelea, taratibu, kubwa, ya koo refu kuliko la mtoto, na inatoka upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu ila mwanga wa jua juu ya shuka, na shuka ile ilikuwa imebonyea kama imelaliwa, na kwenye titi lake la kushoto kulikuwa na baridi, baridi ya maji ya mfereji alfajiri, midomo isiyo na meno iliyokuwa ikivuta kwa subira, bila kuuma, bila haraka, na kila ilipovuta alihisi maziwa yakitoka si titini tu bali mgongoni, mabegani, machoni, kama uzi mrefu unaokunjuliwa kutoka mwilini mwake, na harufu ya mvua ikajaa chumbani mpaka akashindwa kupumua, na sauti ya kupiga kelele ikakosekana, na kitu pekee alichoweza kufanya ni kusema kile ambacho angemwambia mtoto yeyote mwenye pupa.

"Taratibu," alinong'ona. "Mwenzako hajashiba."

Kumeza kukakoma. Baridi ikaachia. Shuka ikainuka polepole, ikanyooka. Mlangoni kuku wakatawanyika pande mbili, kama wanaompisha mtu.

Jioni ile maziwa hayakuja. Wala kesho yake. Bi Dorkas alimpikia mkwewe uji wa mtama na kumkanda kifua kwa kitambaa cha moto. Wema alileta maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akayachemsha, akayanywesha kwa kijiko akiimba, lakini Lukia aliyatapika yote. Mtumishi wa zahanati aliwapa kopo la maziwa ya unga aliloliweka kwa ajili ya mjukuu wake, akasema mjukuu atasubiri, hayo nayo mtoto akayatapika. Midomo yake ikakauka. Akilia, machozi hayatoki. Kilio chenyewe kikawa kidogo, kama mlango unaosukumwa mbali. Eliwaza alimbeba kutwa, akizunguka nyumba, hawezi kukaa, akiamini kwamba akikaa mtoto ataondoka mikononi mwake.

Jioni moja alimwona Bi Dorkas akichota maji kwenye mtungi. Kabla ya kunywa, bibi alitazama huku na huku, kisha akamwaga kidogo sakafuni, pembeni, harakaharaka, kama anayeficha. Eliwaza alikuwa akiliona hilo tangu alipoolewa. Alidhani ni mkono wa kizee unaotetemeka. Safari hii aliutazama mkono ule vizuri. Haukutetemeka.

"Mama," alisema, "unamwagia nani?"

Bi Dorkas alikaa jikoni karibu na moto. Alikuwa mama wa kanisa, mwimbaji, mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Tulibatizwa," alisema. "Tuliambiwa tuyaache. Nikayaacha, ila hilo moja mkono ulikataa."

"La nani, mama?"

"Watu wa pwani wangesema jini. Sisi hatukukipa jina. Ukikipa kitu jina kinaitika." Alisogeza kijinga cha moto. Akashusha sauti mpaka Eliwaza ikambidi asogee. "Baba yake Asheri hakuwahi kuifunga ndiva mpaka mwisho. Chini kabisa, upande wa mwamba, kulikuwa na tundu. Akifunga mlango mkubwa, lile analiacha. Likidondoka usiku kucha. Nilimwuliza siku moja kwa nini anapoteza maji. Akasema, aliyekuwa hapa kabla yetu naye ana kinywa."

Eliwaza alimtazama mtoto. Lukia alikuwa akitikisa midomo usingizini, akinyonya hewa.

"Na lile tundu sasa liko wapi?"

Bibi hakujua. Wanawake hawakuwa wakishuka ndani ya ndiva. Alidhani wajenzi waliliacha. Alidhani Asheri analijua, kama mtoto wa mfunga ndiva anavyopaswa kulijua. Lakini mzee alipofariki ghafla, Asheri alikuwa mbali huko chini kwenye mashamba ya katani, akikata mkonge. Hakuna aliyemkabidhi kitu zaidi ya ufunguo.

Aliporudi na kuulizwa, Asheri aliweka jembe chini. Ndiyo, aliliona. Siku ya kupiga plasta aliona tundu chini ya mwamba, limechomekwa kipande cha mgomba, linavuja. Alidhani ni la kaa. Alimhurumia baba yake, kwamba alizeeka mpaka akashindwa kuziba tundu. Akaliziba yeye, kwa mikono yake, kwa saruji nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, akasema moyoni, mzee, nimekumalizia kazi.

Alipomaliza kusema hayo aliketi chini.

"Nenda kalifungue," Eliwaza alisema.

Asheri alisema ukuta ule ni wa kijiji kizima. Wanawake waliubeba kwa vichwa vyao. Akionekana na nyundo, watasema ndiye mwizi tangu mwanzo.

"Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wanawake," alisema mkewe. Hakupaza sauti. Alimwekea Lukia mikononi. "Mpime."

Asheri alimpokea binti yake, na mikono ikapanda juu yenyewe, kama mtu aliyejiandaa kwa mzigo akapewa kapu tupu.

Kulipopambazuka, walinzi walipokwisha kushuka, alipanda na nyundo na tindo, na Eliwaza nyuma yake na mtoto mgongoni. Waliyafungulia maji, wakashuka kwenye tope. Walikuwa ndani walipoona kivuli ukutani. Alikuwa Bwana Melkizedeki, aliyepanda kabla ya jua kwa sababu vipimo vizuri vilimnyima usingizi kuliko vibaya. Aliwatazama na nyundo yao, kisha mtoto. Asheri akaanza kujieleza, akakwama. Ndipo Bwana Maji akavua viatu, akakunja suruali, akashuka topeni.

"Nishikie tindo," Asheri alisema, na yeye akaishika.

Saruji ilikuwa ngumu upande wao. Walipiga mpaka mikono ikawasha. Kisha kizibo kikalegea chote kwa mara moja, kama jino, na Asheri akakitoa na kukigeuza, na wote watatu wakainama kukitazama. Upande wa ndani, ulioelekea mwamba, saruji ilikuwa imeliwa. Haikuvunjwa wala kukwaruzwa. Ilikuwa imelambwa, imekuwa laini na yenye bonde katikati, kama jiwe la chumvi ambalo ng'ombe wamelilamba kwa miaka. Imebaki nyembamba kuliko kidole. Na bonde lile lilikuwa limelowa.

Kutoka kwenye tundu ikavuma harufu ya mvua ya kwanza.

Walipanda juu haraka. Asheri aliufunga mlango mkubwa, mfereji ukaanza kujaza, na maji yalipofika kwenye mwamba yakaanza kuingia tunduni, uzi mwembamba. Hawakusikia yakidondoka. Walisikia yakimezwa. Bwana Maji aliinamisha kichwa kama yuko kanisani. Kisha akaomba daftari, akaandika kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba tundu la kupunguzia maji limefunguliwa kwa amri yake, akatia sahihi, ili mtu yeyote asije akamwuliza Asheri. Kizibo alikichukua, akakitupa korongoni.

Kabla ya jua kuzama kanga ya Eliwaza ililowa kifuani. Lukia alinyonya mpaka akasinzia, akaamka, akanyonya tena. Bi Dorkas alitoka nje akalie peke yake. Asubuhi maji yalikuwa pungufu kidogo tu, na kila asubuhi kwa kiasi kilekile, wala hayakupita hapo, na Asheri aliandika kwamba hakuna hitilafu. Aliandika hivyo kila siku. Mahindi ya kijiji yakabeba.

Kisha kiangazi kikaja kirefu. Mfereji ukawa mwembamba, ukawa unyevu, ukawa mchanga. Ndiva ikabaki tope lililopasuka, na tundu likawa kavu. Usiku mmoja Eliwaza alisikia tena hatua juu ya majani mabichi, ingawa nje hapakuwa na jani bichi hata moja. Zilisimama kwenye ukuta wake.

Hakumwamsha mtu. Alichota kata ya maji kwenye fungu lao la kunywa, akayatia katika kibuyu, akafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akakiweka kizingitini.

"Kunywa huko huko," alisema. "Usiingie."

Asubuhi kibuyu kilikuwa kitupu, kimefunikwa kichwa chini kama mtu mwenye adabu anavyorudisha chombo. Akafanya hivyo kila jioni. Maji yao yalikuwa machache, na fungu alilolitoa lilikuwa lake yeye, si la mtoto wala la bibi. Alikuwa akienda kulala na kiu. Baada ya muda hofu ilipungua, ikabaki kama uangalifu anaokuwa nao mtu karibu na moto. Wakati mwingine, akiweka kibuyu, alisema pole.

Katika siku hizo Wema alijifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye nguvu. Maziwa yalimjaa mpaka akawa akicheka kwamba angeweza kulisha ndama. Eliwaza alimfulia nguo na kumbebea kuni. Alikuwa na mzigo wa saruji wa kulipa.

Asubuhi moja alifungua mlango, na kibuyu hakikuwa kichwa chini. Kilikuwa kimesimama wima, kimefunikwa kwa jani bichi la mgomba. Alidhani hakikuguswa. Alipokiinua kilikuwa kizito, na kilikuwa na joto. Aliondoa jani. Kilikuwa kimejaa hadi mdomoni maziwa meupe, mepesi, yenye utamu puani, ambayo hakuna ng'ombe wala mbuzi aliyepata kuyatoa, na mama yeyote angeijua harufu yake gizani.

Alisimama na kibuyu mikononi. Kilikuwa kimeletwa kwa shukrani. Kililetwa na kitu kilichohesabu kata zake zote za maji, na kikatafuta cha kumlipa.

Ng'ambo ya korongo, nyumbani kwa Wema, mtoto akaanza kulia. Alilia kwa nguvu, akanyamaza kama anayejaribu, akalia tena.

Eliwaza alikiweka kibuyu chini taratibu, asimwage hata tone. Alimwacha Lukia amelala kwa bibi yake, akakaza kanga, akaenda, kwanza akitembea kisha akikimbia. Alimkuta Wema amekaa kitandani na kifua wazi, anajikamua kwa mikono miwili, uso umepauka.

"Sijui nimekosa nini," Wema alisema. "Jana yalikuwa yakimwagika."

Eliwaza alisogea kitandani. Alimchukua mtoto, akaketi sakafuni akiuegemea ukuta, akampa titi la kulia. Mtoto alilidaka, akameza, akatulia. Wema alianza kulia kwa faraja na kumwita ndugu yangu, mama yangu. Mlango ulikuwa wazi, na jua lilikuwa likiingia, na chumba kilianza kunukia mvua.

Eliwaza akaiinua kanga upande wa kushoto, akalifunika titi kwa kiganja mpaka mtoto ashibe kwanza, akangoja.